Aliye Mwisho wa Mfongo

Wewe ulijua. Usijifanye ndiyo kwanza unasikia leo. Siku walipozindua Kipozeo pale uwanja wa shule ya Uruwoni ulikuwepo, umevaa fulana ya njano waliyogawa bure, kofia umeigeuzia kisogoni, mkononi kipande cha ndafu, mbuzi mzima wa kuokwa, kinachuruzika mafuta. Injinia alipanda jukwaani akasema joto la Kibo litanyonywa na kwenda kutemwa mbali, mahali pasipo na mtu, na wewe ukapiga makofi. Nyuma yako mama mmoja aliuliza kwa sauti ndogo, "Ni wapi huko?" Ukamgeukia ukamwambia, "Mama, tulia, watu wasikilize." Miaka kumi na mitatu imepita. Fulana ile umeshaifanya tambara la kufutia baiskeli. Lakini swali lile halijachakaa, na mama yule yupo, na kabla haya hayajaisha utajua anakaa wapi. Safari hii usigeuze uso.

Aikande Lyatuu alizaliwa mwaka uleule kipande cha mwisho cha barafu ya Kibo kilipogeuka tope. Barafu aliijua kwa picha tu. Akiwa msichana aliona chemchemi nne zikikauka, moja baada ya nyingine, na mfongo wa Uruwoni, ule mfereji ambao mababu zake waliuchimba kwa majembe kushusha maji kutoka msituni hadi kwenye migomba, ukawa njia ya mbuzi. Kwa hiyo Kipozeo kilipokuja, na baada ya miaka mitatu Kibo ikavaa weupe tena, na maji yakarudi mfongoni yakiwa na baridi ya kuuma meno, alilia kama walivyolia wengine. Akaomba kazi. Wakampa kibanda cha vipimo, juu kabisa, pale msitu unapoishia.

Kazi ilikuwa kusoma sindano tatu na kuandika. Sindano ya kwanza ilionyesha joto linalonyonywa Kibo. Ya pili, joto linalotemwa huko mbali. Ya tatu, hali ya mahali panapotemewa. Joto haliishi, hilo ndilo walilofundishwa siku ya kwanza. Huwezi kuliua, unalihamisha tu, kama unavyoyahamisha maji kutoka shamba hili kwenda lile. Chini ya barafu ya Kibo zililazwa sahani za madini, kila moja pana kama sakafu ya nyumba, na kila moja ilikuwa na pacha wake aliyemiminwa naye siku moja, chungu kimoja. Ulichompa huyu, yule anakitoa, hata kati yao pakiwa na bahari mbili. Hakuna waya, hakuna bomba. Hakuna cha kufuata kwa macho, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Jumanne moja asubuhi sindano ya tatu, ambayo kwa miaka yote ilikuwa chini ya sifuri, ilisimama juu ya sifuri. Aikande aliigonga kwa ukucha. Haikushuka. Akapiga simu kampuni, akaambiwa sindano imezeeka, italetwa nyingine.

Sasa, kibandani mle kulikuwa na visikizio vya masikioni ambavyo havikuwa vimeguswa tangu uzinduzi. Viliwekwa ili mtu asikilize kama sahani za mbali zimepata ufa, kwa sababu mapacha wale hawakupeana joto tu, walipeana na mtetemo. Aikande alivipangusa vumbi akavivaa. Alisikia maji, maji mengi, yanakimbia mahali pasipotakiwa kuwa na maji. Halafu akasikia mbwa akibweka. Mara tatu, akanyamaza, akabweka tena. Halafu mtu, sauti ya mwanamke, anamwita yule mbwa arudi.

Alivivua. Akakaa na vile visikizio mapajani mpaka chai ikapoa kwenye kikombe.

*

"Mbwa mwitu," alisema baba yake mdogo, Ndetaulwa, mwenyekiti wa mfongo. Walikuwa wamesimama kwenye kahawa zake. Alikuwa anapogoa na hakuacha kupogoa.

"Baba mdogo, mbwa mwitu anaitwa na mwanamke?"

Mkasi ukasimama.

"Nisikilize, nimekuja kwa heshima," alisema Aikande. "Wewe ndiye uliyenifundisha sheria ya mfongo. Mfongo mpya haufunguliwi mpaka anayeufungua ateremke nao kwa miguu hadi mwisho, amkute mtu wa mwisho kabisa, amuulize: yanakufikiaje, yanakutosha au yanakuzidi? Nikiwa na miaka sita ulinibeba mabegani tukateremka ule wa Kiriki. Kipozeo ulikitia saini wewe. Uliteremka nacho?"

"Ningeteremkaje? Kwa ndala mpaka Grinilandi?" Alicheka, ila kicheko hakikufika mbali. "Walisema mwisho wake ni barafu tupu. Utamuuliza nani, barafu?"

"Kwa hiyo ulijua ni Grinilandi."

Ndetaulwa aliufuta mkasi kwenye suruali, upande huu, upande ule. "Wazee wenzangu walikuwa wanakufa na kiu, Aikande. Mifugo ilikuwa inalamba ukuta wa kanisa asubuhi ule umande. Mtu akikuletea maji wakati ule, unamuuliza ameyatoa wapi?"

"Unamuuliza," alisema Aikande.

Mkutano wa kusaini mkataba wa Kipozeo kwa miaka mingine thelathini ulikuwa umepangwa mwisho wa mwezi uliofuata. Wote wawili walikuwa wanaufikiria. Mwishowe mzee alikwenda mpakani mwa shamba, akakata jani la sale, lile jani refu la kijani tunalopanda kwenye mipaka na kulipeleka kwa mtu tuliyemkosea, akalifunga fundo na kumpa bila kumtazama.

"Kama utakuta ni mbwa tu," alisema, "unirudishie."

*

Mpango wa safari ulifanyika jikoni kwa mama yake, Elifuraha, ambaye nyumba yake ni ya mwisho kabisa kwenye mfongo wa Uruwoni, bondeni, maji yanakofika yakiwa yamechoka. Mama huyu alikuwa na miaka sabini na minne na hakuwahi kupanda ndege, jambo ambalo halikumzuia kutoa maelekezo.

Njia rahisi ilikuwa ziara. Kulikuwa na meli zinazopeleka watalii kuona barafu za kaskazini kabla hazijaisha, na mtu yeyote mwenye pasipoti na mapafu mazima alikubaliwa. Ndege kutoka Kilimanjaro, nyingine, nyingine tena, kisha siku mbili majini. Aikande aliandika yote kwenye daftari la vipimo, akapiga mstari chini ya ghuba moja ambayo namba zake za ramani zililingana na zile zilizochongwa nyuma ya sindano ya tatu.

Makoti walinunua mitumba, soko la Memorial. La kwanza liliwatosha wote wawili kwa pamoja.

"Huyu aliyekuwa nalo alikula vizuri," mama alisema akiwa ndani ya mkono mmoja. "Chukua hili. Upepo ukija utajizungushia mara mbili. Na huko usivue soksi hata kwa kusali, Mungu ataelewa."

"Mama, wana vyumba vya moto."

"Vya moto vya nani?" aliuliza mama yake.

Alimfungia kopo la kahawa, iliyokaangwa palepale juu ya mafiga, kutoka kwenye mibuni yake ishirini na saba. Aikande alisema huko wana kahawa. Mama alisema mtu haendi kuuliza swali la mfongo mikono mitupu.

*

Jua la huko halikuzama. Lilizunguka tu ukingoni mwa dunia kama mtu anayetafuta kitu alichodondosha. Siku ya pili meli iliingia kwenye ghuba nyembamba, na barafu ikasimama mbele yao, ukuta wa buluu mrefu kuliko mnara wa kanisa lolote alilowahi kuliona. Aikande alikuwa amejiandaa kwa chuki. Hakuwa amejiandaa kuona uzuri. Alishika chuma cha meli kwa glavu zake za mtumba akafikiri: hivi ndivyo Kibo ilivyokuwa, na bibi zangu waliiona kila asubuhi wakienda kukata majani, wakaizoea.

Ukuta ule ulikuwa unalia, mngurumo mzito kutoka chini, na pale ulipokutana na mwamba maji ya kijivu yalikuwa yanachomoka kwa nguvu. Sahani zilikuwa hapo chini. Aliujua mlio ule. Alikuwa ameusikia kwa masikio yake akiwa kibandani, maelfu ya kilomita kusini.

Kiongozi wa ziara aliwaonyesha pa kupigia picha. Upande wa pili wa ghuba palikuwa na nyumba kama thelathini, nyekundu na za buluu, juu ya nguzo, nyingine zimeinama kama watu wanaonong'onezana. Kiongozi hakuzitaja. Mtalii mmoja aliuliza, akajibiwa kwamba pale wanahama. Wenzake walipofuata bendera kwenda upande wa picha, Aikande alifuata matope kwenda upande wa nyumba.

Mbwa ndiye alimpokea. Mweupe, mzee, sikio moja limekatika. Alibweka mara tatu, akanyamaza, akabweka tena. Aikande aliujua mbweko ule.

Mwanamke alitoka kwenye nyumba ya mwisho, ile iliyo karibu zaidi na barafu, ameshika kisu cha kupaa samaki. Umri wake ulilingana na wa Aikande. Aliitwa Pipaluk. Waliongea kupitia kidude cha tafsiri ambacho Aikande alikuwa amekibandika kwenye kola, na kidude kilichelewa kidogo kila mara, hivyo walitazamana sana kabla ya kusikiana.

"Meli yenu iko kule," alisema Pipaluk.

"Sikuja na meli. Nimekuja na joto."

Kidude kilitafsiri. Pipaluk alikitazama, akamtazama mwenye koti kubwa, akadhani kimeharibika. Hapo Aikande akatoa lile jani la sale, limekauka lakini fundo lipo, akaeleza. Alieleza vibaya, akianzia katikati, sahani, chungu kimoja, Kibo, saini ya baba yake mdogo. Pipaluk alimsikiliza hadi mwisho akiwa amesimama, damu ya samaki ikimkaukia vidoleni.

"Walituambia linatoka kwenye mlima usio na watu," alisema. "Mlima wa kupiga picha."

"Sisi walituambia linakwenda kwenye barafu isiyo na watu."

Pipaluk alicheka, kicheko kifupi, kibaya. "Basi tusipige kelele. Tutawaamsha wasiokuwepo."

Ndani alichemsha maji, na ile kahawa ya Elifuraha ikajaza chumba. Alikunywa kikombe kizima kabla ya kuongea. Mbwa alikuwa wa kaka yake, Malik. Machi ya miaka miwili iliyopita, mwezi ambao bahari ya hapo huwa ngumu kama barabara, Malik alikwenda na mbwa wake kutafuta sili, na barafu ikafunguka chini yake. Mbwa mmoja alirudi. Tangu hapo kila siku huenda pale ukingoni, juu ya yale maji yanayochomoka, akabweka. Pipaluk humwita. Hurudi, kesho huenda tena.

"Mimi nimekusikia ukimwita," alisema Aikande.

Alisimama, kwa sababu swali lile huulizwa mtu akiwa amesimama.

"Yanakufikiaje? Yanakutosha au yanakuzidi?"

Kwa miaka yote ya mifongo yote ya mlima ule, jibu limekuwa moja. Hayatoshi. Mtu wa mwisho husema hayatoshi, watu hucheka, huongeza kidogo, hurudi nyumbani. Pipaluk alimpeleka dirishani. Juu ya ukuta wa buluu, kutoka mwamba hadi mwamba, palikuwa na mstari mweusi, ufa. Ulikuwa upana wa mkono alipokufa Malik, alisema. Sasa basi la abiria lingeingia. Barafu haijashikana tena na mwamba wake. Inaelea juu ya maji ya moto wa watu wengine. Siku barafu hiyo itakaposhuka ghubani, wimbi litafika kwenye nyumba hizi kabla mtu hajamaliza kufunga viatu. Wazee wanne wamekataa kuhama. Makaburi yameshahamishwa mara mbili.

"Yanatuzidi," alisema Pipaluk.

Sheria ya jibu hilo ipo, ingawa hakuna aliye hai aliyewahi kuitumia. Aliyeuliza akajibiwa hivyo, yeye mwenyewe ndiye anayeshusha lango, siku anayorudi nyumbani, bila kusubiri mkutano. Na Kipozeo kilikuwa na lango. Wazee waling'ang'ania kwenye mkataba, kwamba mfongo usio na lango hawaujui, na kampuni ikawawekea mkono wa chuma kibandani ili kuwafurahisha.

"Ukifunga," Pipaluk aliuliza, "nyinyi mtakunywa nini?"

"Sijui."

"Unakuja kote huku na hujui."

"Nilikuja kuuliza. Nilikuwa naomba Mungu useme yanatosha."

Pipaluk aliosha kikombe. Kisha akasema kwamba zamani sili akiwa mmoja tu, kila nyumba ilipata kipande, hata nyumba ya mtu msiyesalimiana naye. Akasema kufunga nusu hakutaziba ule ufa. Nusu itawapa labda msimu mmoja wa baridi wa kuwabeba wale wazee wanne, wakitaka wasitake. "Simsamehei mtu," aliongeza. "Jani lako nalichukua kwa sababu umelibeba mbali. Nusu yako naitaka."

*

Ndetaulwa alimkuta Aikande kibandani siku aliyorudi, saa nne asubuhi, bado amevaa lile koti. Mzee alikuwa anatweta kwa kupanda. Aliangalia mikono ya Aikande, akaona hana jani.

"Walikuwepo," alisema.

"Walikuwepo."

"Ukishusha, kampuni itatupa siku saba. Nusu ya wanamfongo wasipokuja hapa wenyewe kuandika majina yao kwamba wamekubali, watalipandisha na kukufukuza. Na watu hawatakuja, mwanangu. Nawajua. Niliwaongoza mimi."

"Shikamoo, baba mdogo," alisema Aikande, kwa kuwa alikuwa amesahau kumwamkia.

"Marahaba."

Alishika mkono wa chuma. Ulikuwa na kutu; haukuwahi kuguswa. Aliuvuta kwa uzito wake wote na haukujongea. Mzee akaweka mikono yake juu ya mikono ya binti wa kaka yake, akavuta naye. Sindano ya kwanza ikashuka hadi katikati, ya pili ikaifuata. Ya tatu haikushuka. Ilitetemeka tu.

Aikande alichukua jembe la kusafishia mfongo akaanza kuteremka, akiwa sambamba na maji. Sheria ni ileile kwa kupunguza kama kwa kuongeza. Alipita kwa kina Kileo, maji yapo. Alipita shuleni, yamefika kwenye kifundo cha mguu. Watu walitoka migombani wakayatazama, wakamtazama, hakuna aliyemsalimu. Chini ya zahanati ulikuwa mchirizi. Kwenye mteremko wa mwisho palikuwa na majani makavu na chura mmoja.

Mama yake alikuwa amekaa kwenye kigoda mlangoni, ndoo pembeni, akingoja zamu yake.

Aikande alisimama mbele yake.

"Yanakufikiaje, mama? Yanakutosha au yanakuzidi?"

"Hayafiki," alisema Elifuraha. Sauti yake ilikuwa ileile ndogo ya siku ile uwanjani, ile uliyoinyamazisha wewe. Aliigeuza ndoo, mdomo chini. "Na huko kwao?"

"Yamepungua, nusu."

"Kahawa waliipenda?"

"Waliipenda, mama."

"Vua koti ukae. Utachemka."

Hilo lilikuwa Jumatatu. Leo ni Alhamisi. Kwenye daftari la kibandani kuna majina kumi na tisa, la kwanza Elifuraha Lyatuu, na yanatakiwa mia mbili na sita. Umesoma mpaka hapa, kwa hiyo huwezi tena kusema hapana mtu kule. Yuko Pipaluk, yuko mbwa wa Malik, wako wazee wanne na ufa juu ya vichwa vyao. Na bondeni yuko mama wa watu na ndoo iliyogeuzwa mdomo chini, ambaye hajaomba lango lipandishwe. Kama unakunywa maji ya Uruwoni, inuka sasa hivi, panda kibandani, kalamu iko mezani. Kama unakunywa ya kwingine, chukua jembe na uteremke na mfongo wako hadi mwisho, leo, ukamwamkie mtu utakayemkuta huko, umuulize. Usimtume mtu. Nenda kabla hujajaza kikombe kingine.